Faida Tano za Drafti

Nilirudi kutoka semina ya Lindi na cheti, fulana iliyonibana makwapani, na sanduku la michezo ambalo kondakta wa basi aliniwekea miguuni kwa sababu buti lilikuwa limejaa ng'onda, samaki wa kukausha. Ndani ya sanduku mlikuwa na vibao sita vya drafti, vimepigwa vanishi mpaka unajiona uso. Semina ilidumu siku tatu na katika siku hizo tatu hakuna mtu aliyecheza drafti. Tuligawanywa makundi, tukaandika kwenye makaratasi makubwa jinsi michezo ya ubao inavyokuza lugha na fikra za mtoto, tukayabandika ukutani, tukapigiana makofi. Kundi letu lilipigiwa makofi ya kilo. Mwezeshaji alisema mtoto anayecheza drafti hufikiri hatua tatu mbele, na sisi watu wazima arobaini tukainamisha vichwa tukanakili, mwenye kalamu nyekundu akapigia mstari.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa shule ya msingi, Kilwa Masoko, na drafti nilikuwa naichukia tangu haijawa mradi. Mume wangu ni fundi wa mashine za boti. Akishaswali alasiri anakwenda kwenye benchi nyuma ya soko la samaki, na hapo hana mke tena mpaka maghribi. Miaka kumi na minane namfuata pale na ujumbe, mtoto ana homa, mgeni kafika, mafundi wa bati wanakusubiri, naambiwa ningoje amalize huyu mmoja. Nimengoja wengi. Kwa kungoja huko nikaujua mchezo bila kupenda, kama unavyozijua nyimbo za harusi ya jirani ambaye hakukualika.

Lile benchi lina sheria zake. Ya kwanza, mtazamaji hanyooshi kidole. Kuna siku za nyuma kidole cha mtu kiligusa kete, kete ikahama, watu wakakamatana mashati, na tangu hapo mikono ya watazamaji inakaa mapajani. Mdomo ruhusa. Unaona mwenzako anakwenda kuliwa? Mwambie, lakini mwambie kwa maneno, na maneno yaeleweke, maana ubao una vyumba vingi na ukisema "hapo" utachekwa mpaka uondoke. Kwa hiyo wameupa ubao majina. Safu yako ya nyumbani ni Masoko. Safu ya mwisho, kule unakovuka upate kingi, ni Kisiwani. Ubavu wa kushoto ni Pwani, wa kulia ni Bara. Wazee wazima wanakaa pale wakiamrishana kama manahodha: toa wa Bara, zuia wa Pwani, huyo ukimwachia anavuka. Mimi niliyaona hayo yote kuwa upuuzi wa wanaume wasio na kazi, na sikuwahi kufikiri yana uhusiano wowote na semina yangu.

Mwalimu mkuu alilipokea sanduku kwa mikono miwili, akalitia kabatini ofisini kwake, akafunga, ufunguo akauning'iniza shingoni pamoja na kitambulisho. Alisema vifaa vya mradi visichezewe. Nikamwuliza, sasa watoto watajifunzaje drafti? Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, kwani umefundisha mfumo wa jua kwa kuwapeleka watoto juani? Andaa notisi."

Basi nikaandaa notisi, na haya nayasema kwa aibu kwa sababu ziliandaliwa vizuri. Niliandika ubaoni kwa mwandiko wangu ambao wakaguzi huusifu: Maana ya drafti. Historia fupi ya drafti. Vifaa vya drafti. Faida tano za drafti. Hukuza lugha, hukuza fikra, hujenga uvumilivu, huleta urafiki, huburudisha. Darasa la nne zima likanakili. Tukakariri kwa sauti, mimi nasema faida ya kwanza, wao wanajibu kwa pamoja, mpaka mama wa uji jikoni naye akawa anazijua. Baada ya wiki mbili nikatoa mtihani. Aliyepata mia alikuwa kiranja wetu, msichana nadhifu mwenye soksi nyeupe, ambaye alikuwa hajawahi kushika kete. Nikampongeza mbele ya mstari wa asubuhi.

Aliyepata sifuri alikuwa mmoja, na huyo ndiye niliyekaa kuandika habari zake.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, amekuja kutoka Likawage baba yake alipopata kibarua cha kupakia mizigo bandarini. Nilikuwa nimemfundisha mwaka na nusu na sauti yake nisingeweza kuikumbuka kwa sababu sikuwahi kuisikia. Nikimwuliza kitu anasimama, ananitazama, anaendelea kunitazama, mpaka mimi ndiye naona haya na kumwambia akae. Kwao wanasema Kimatumbi, na mimi nikaona nimepata jibu: mtoto wa bara, Kiswahili hakijamwingia. Katika mtihani wa drafti hakuandika faida hata moja. Alichora ubao, mistari imenyooka kama kwa rula, akapanga kete juu yake, nyeusi nne na nyeupe tatu. Nikamwandikia kwa wino mwekundu: Usichezee karatasi ya mtihani.

Mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia na kila mwalimu wa darasa alitakiwa kuleta orodha ya watakaorudia. Jina lake nililiweka la kwanza. Kwenye safu ya sababu niliandika: Hawezi kujieleza.

Baba yake akaja shuleni siku nilipompelekea taarifa. Alivua kandambili mlangoni mwa ofisi ya walimu, jambo ambalo hakuna mzazi wa Masoko anayelifanya, akasimama na magunia yamemwachia vumbi mabegani.

"Shikamoo, mwalimu."

Alinizidi umri, nikaona haya kuitika. Nikamwambia aketi, hakuketi.

"Miye sina maneno mengi, mwalimu. Nimemleta mjini asome. Akivuka, atakaa. Asipovuka, namrudisha Likawage kwa bibi yake. Mahindi kule yanaliwa na nyani, bibi peke yake hawezi kuwawinga. Kama ni kukaa tu bila kusoma, akakae na bibi yake shambani."

Nilimwambia tutaona. Hilo neno ni la kazini, linatusaidia sana, maana yake ni kwamba tumeshaona. Akashukuru, akavaa kandambili zake nje, akaenda. Nilijisikia vibaya mpaka chai ya saa nne.

Wiki ile ile, wakati wa mapumziko, nikapita nyuma ya jiko la shule kuwafukuza watoto wanaojificha huko wasifagie. Nikasikia kelele, nikakata fimbo. Kwenye sakafu ya saruji walikuwa wamechora ubao kwa mkaa, wanacheza kwa vizibo vya soda, vingine vimegeuzwa juu, vingine chini. Watoto kama kumi wamezunguka, na wote, nikaona kabla sijaelewa, mikono wameikalia. Walikuwa wameirithi sheria ya benchi kutoka kwa baba zao, kama wanavyorithi matusi. Na katikati ya ile kelele kulikuwa na sauti moja inayosema taratibu, na wenzake wanainyamazia waisikie.

"Usimfuate huyo kwanza. Hujalazimika kumla, yuko mbali. Ukimsogeza wa Pwani, yeye atadhani umelala, atamtoa wa Bara. Akimtoa, Masoko yake inabaki wazi, ndipo utakula wawili kwa mkupuo. Ila ukianza na huyu, utaliwa, halafu utakimbilia Likawage."

Wakacheka wote. Likawage, nilikuja kuelewa, ilikuwa ile kona ya ubavuni ambayo kete yako ikiingia hailiwi, lakini pia haiendi popote. Jina hilo alilitia yeye mwenyewe, na wenzake wakalipokea.

Nilisimama nyuma ya rundo la kuni na fimbo yangu. Ukimsogeza, atadhani. Akimtoa, inabaki. Ila ukianza, utaliwa. Sentensi za masharti nilizifundisha mwezi mzima kwa mifano ya kitabuni, mvua ikinyesha nitajifunika mwavuli, na darasa zima lenye watoto sitini hakuna aliyewahi kunitungia moja ya kwake. Huyu alikuwa anazitoa mfululizo, kila moja imebeba nyingine, huku akilamba uji uliomkaukia kiganjani. Nilifurahi. Nasema kweli, moyo uliniruka.

Kisha nikatoka nyuma ya kuni nikawanyang'anya vizibo.

Hata leo sijui kwa nini. Mkono umezoea. Mtoto akiwa na furaha pahali pasiporuhusiwa, mwalimu ananyang'anya kitu, ndivyo nilivyolelewa na ndivyo nilivyosomeshwa chuoni. Walikimbia, naye akakimbia, kimya kikamrudia usoni kabla hajafika kona ya jiko. Vizibo nikavitia kwenye droo. Jina lake halikutoka kwenye orodha, nilijiambia ile ni lugha ya benchi, ya wauza samaki, na cheti hakitolewi kwa lugha ya benchi. Jioni mume wangu aliponisimulia alivyomfunga mtu mabao matano nikamwambia anyamaze ale.

Ikaja barua kwamba wageni wa mradi wanakuja kuona watoto wakicheza. Mwalimu mkuu akafungua kabati. Vibao vilikuwa na vumbi, vikafutwa kwa mafuta ya nazi, chumba cha maktaba kikanukia mapishi. Akaagiza kitambaa kirefu cheupe, kikaandikwa kwa rangi: KIMYA, TUNAKUZA LUGHA. Nilipokisoma nikadhani mwandishi amekosea. Hakukosea mtu. Mwalimu mkuu alisema mgeni akikuta kelele atadhani hakuna mafunzo yanayoendelea. Tukawafundisha watoto kucheza kimya siku nne mfululizo. Anayetia neno, anafagia uwanja. Nilikuwa mkali kuliko wote, kwa sababu mimi ndiye mwenye cheti.

Siku ya wageni, mama mmoja mnene mwenye ushungi wa hariri aliketishwa mbele, na wenzake wawili na kamera. Kiranja akazisema faida tano bila kupumua. Mama akatabasamu, akaomba sasa aone mchezo. Mwalimu mkuu, kwa kuwa hakutaka kuaibishwa na mtoto kumshinda mtoto mwenzake ovyo, akaamua kucheza yeye na kiranja. Alidhani hilo litapendeza. Darasa la nne likapangwa kuzunguka kuta, kimya kama msibani, na mimi nikasimama nyuma ya kiranja. Yule msichana wa Likawage alikuwa ubavuni kwangu, bega lake linanigusa kiuno.

Haikuwa drafti ile. Mwalimu mkuu alisogeza kete kama anayesaini hundi, kiranja alisogeza kama anayeomba radhi. Lakini ikafika mahali ambapo hata mimi, mwanafunzi wa kungoja mume, niliona. Kiranja alikuwa na njia. Alikuwa na njia pana kabisa, na mkono wake ulikuwa unakwenda kwingine, unakwenda kumtoa wa Bara aliwe bure mbele ya kamera. Sikuweza kuvumilia. Miaka kumi na minane ya kungoja ilinipanda mkononi. Nikanyoosha kidole juu ya bega lake, nikaonyesha.

"Mwalimu, kidole hakiruhusiwi."

Sauti haikuwa kubwa. Ila katika chumba kile, na kimya kile tulichokipika siku nne, ilisikika mpaka uwanjani. Wote waligeuka. Yule msichana wa Likawage alikuwa ananitazama usoni, kama kawaida yake, ila sasa alikuwa ananingoja.

"Sema," akaniambia.

Nikafungua mdomo. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, mwenye notisi, mwenye mwandiko, mwenye cheti. Nikasema, "Hii... yaani siyo hii. Hiyo iache. Ile ya... hapo..." Kiranja aligusa kete moja, nikasema siyo hiyo. Akagusa nyingine. Nikasema, "Ile, ile pale." Mama mwenye ushungi aliinamisha kichwa kutaka kunisaidia. Nilikuwa naiona njia yote kichwani, na sikuwa na maneno ya kuipitisha, kwa sababu maneno yake nilikuwa nimekaa nayo nyuma ya soko la samaki miaka yote hiyo nikiyaona uchafu.

Yule mtoto akanihurumia. Mikono akaificha nyuma, akasema kwa niaba yangu.

"Mwalimu anataka kusema, wa Bara asitoke. Mtoe wa katikati, umtoe kafara. Mwalimu mkuu atamla, kula ni lazima. Akimla, atakuwa ameifungua Masoko yake. Hapo utakula wawili kwa mkupuo na utavuka Kisiwani, utakuwa kingi."

Kiranja akamtoa wa katikati. Mwalimu mkuu akatazama ubao, akatazama wageni, akatazama dari. Kula ni lazima. Akala. Kiranja akala wawili, tap, tap, akavuka, na darasa la nne lote, ambalo siku nne lilikuwa halijapumua, likalipuka. "Kingi!" Walipiga kelele mpaka kile kitambaa cheupe kikaning'inia upande mmoja. Mama wa mradi alisimama akapiga makofi. Mwalimu mkuu akacheka meno yote nje, na mimi ninayemjua nikajua si kicheko.

Wageni walipoondoka aliniita ofisini, na mtoto pia. Orodha ya watakaorudia ilikuwa mezani, ikingoja muhuri. Aliweka kidole kwenye jina la kwanza.

"Huyu ndiye asiyeweza kujieleza?"

Nikausoma mwandiko wangu mwenyewe kwenye safu ya sababu.

"Amemrudi mwalimu mbele ya wageni, amenifunga mimi kwa mdomo tu, na wewe umeniandikia hawezi kujieleza. Leo hii mradi ukiuliza habari zake, mimi nitasema nini?" Akamgeukia mtoto. "Na wewe! Mwaka na nusu mwalimu wako anakuuliza maswali unamtumbulia macho. Kumbe mdomo unao. Kwa nini humjibu? Kiburi?"

Mtoto aliangalia sakafu. Niliogopa. Nilijua baba yake anapakia mizigo mita mia tano kutoka pale, na nilijua kinachofuata mtoto akinyamaza mbele ya mwalimu mkuu. Nikapiga magoti, magoti yenyewe siku hizi yanalia, nikawa usawa wa uso wake. Nikamwuliza polepole, na kwa mara ya kwanza nilikuwa namwuliza kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuwa sikijui.

"Mama, kwa nini hunijibu darasani?"

Akanitazama. Nikaona anapanga, kama kwenye ubao, huyu kwanza, halafu huyu.

"Kwa sababu wewe, mwalimu, unauliza mambo unayoyajua. Ukishika chaki unauliza hii nini, na wewe unaijua ni chaki. Nikisema chaki, nitakuwa nimekuambia nini? Nikikosea, utanichapa. Kule jikoni wananiuliza, sasa twende wapi, na hawajui. Ndiyo nawaambia."

Mwalimu mkuu aliguna, akachukua muhuri wake, akaupulizia mvuke wa mdomo, kisha akauweka chini bila kupiga. Akanisukumia karatasi na kalamu. Alisema ukibadilisha jina lazima ujaze sababu ya mabadiliko, na iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, maana nakala inakwenda wilayani.

Nilikata jina. Kwenye safu ya sababu kalamu ikasimama. Nilijua namna tano za kuandika pale bila kusema kitu: ameonyesha maendeleo, amefikia kiwango, na nyingine kama hizo. Mtoto alikuwa bado amesimama karibu nami, anasoma ninachoandika, herufi kwa herufi, midomo inacheza.

Nikaandika: Mwalimu hakuwahi kumwuliza.